Mmeuliza, Anti anajibu: Michoro ya penseli kwenye ukumbi wa kanisa

Toleo lililopita niliwasimulia nilivyoenda Tabata, kwenye ukumbi wa usharika mmoja, kuangalia maonyesho ya kijana anayechora kwa penseli na mkaa, hamna rangi hata moja, kuta tatu zimejaa, na nikasema kuna mchoro mmoja ulinifanya nikasahau kabisa kwamba nje bajaji inanisubiri: mikono ya bibi anachambua mchicha. Basi toka gazeti litoke simu yangu haijapumzika, meseji, voisi za dakika nne nne, na barua mbili za kuandikwa kwa mkono kabisa, aisee nimefurahi. Zote siwezi kujibu ila hizi nimezichagua maana wengi mnauliza kitu kilekile. Majina nimeyatoa kama mlivyoomba.

Shikamoo Anti. Mi niko Mbagala, nachora penseli na mkaa toka niko form two, sasa wazee wa kanisa letu wamenikubalia niweke michoro yangu ukumbini wiki mbili. Ninayo 22 ila hela ya fremu sina, fundi alivyonitajia bei ya moja tu nikaishiwa nguvu. Alafu mchungaji kasema hamna kupiga misumari ukutani maana juzi tu wamepaka rangi. Nifanyeje isije ikaonekana kama matangazo kwenye ubao wa shule? – Mchoraji wa Mbagala

Marahaba mwanangu, na hongera, hongera ya kweli, maana kupewa ukumbi na wazee wa kanisa wiki mbili nzima Dar hii ni kitu kikubwa, hao wazee wamekuamini.

Kwanza usiweke zote 22. Zitandaze chini sebuleni, mwite mtu ambae hakuogopi, mwambie aondoe nane. Ataondoa na ile unayoipenda, utaumia, vumilia.

Fremu achana nayo kwa sasa. Nenda stesheneri za Kariakoo ununue manila nyeupe au ya krimu, ile nzito, ukate kipande kikubwa kuliko mchoro wako, kiache kama sentimita saba kila upande, mchoro ukae katikati. Hapo tu mchoro unabadilika, jicho linapata pa kupumzikia kabla ya kufika kwenye kazi yenyewe. Sasa sikiliza vizuri hapa kwenye kubandika maana ndo watu wengi wanapoharibu: seloteipu usiiguse. Miaka michache tu inakuwa ya njano kama mafuta ya kula alafu doa halitoki tena. Kata vikaratasi viwili vyembamba, vipake gundi ya unga wa ngano uliopikwa kidogo kama uji, vishike mchoro upande wa juu tu, nyuma, pande zingine ziache huru. Karatasi inakunywa unyevu wa hewa, na hewa yetu hapa unaijua, hasa masika ya Machi mpaka Mei, karatasi inavimba, ikikauka inasinyaa, ukiwa umeibana kona zote nne haina pa kwenda, inafanya mawimbi. Ikiwa imeshikwa juu tu inavimba na kurudi zake bila shida.

Misumari imekataliwa, sawa, mheshimu mchungaji. Funga kamba ya katani toka grili ya dirisha hili mpaka la pili, ivute ikaze kweli, alafu ning'iniza manila zako kwa vibanio vya nguo vya mbao. Kati ya kibanio na manila weka kikaratasi kilichokunjwa kisije kikaacha alama. Katikati ya mchoro pawe kama sentimita 150 toka sakafuni, hapo watu wengi wanaona bila kuinama wala kunyanyua shingo. Na usizibananishe, acha nafasi ya mtu mmoja kusimama mbele ya kila moja.

Alafu feni. Kule Tabata mchoro wa karibu na mlango ulikuwa wa mkaa, feni ya juu ikawa inaupeperusha, ukawa unapiga ukutani pa, pa, pa, mpaka nafika mimi rangi nyeupe ya ukuta ilishapata alama nyeusi kama moshi na ule mchoro shavu la mtoto lilishafutika nusu. Yule kijana aliumia sana. Kwahiyo bana na kona za chini za manila, sio za mchoro wenyewe, na michoro ya mkaa ipulizie dawa ya kushikisha mkaa usifutike. Ile yenyewe ya wachoraji ukiipata ni bora zaidi, ukikosa watu wanatumia spreyi ya nywele, inashika ingawa baada ya muda inaweza kuleta unjano, kwahiyo jaribu kwanza kwenye mchoro usioupenda. Simama mbali kama sentimita 30, puliza kidogo, subiri ikauke, rudia. Ukipuliza karibu kwa wingi inalowanisha na mkaa unatiririka.

Hujaniuliza ila naomba niseme, kama unatumia mkaa wa jikoni uache, ule ni mgumu, una vipande vinang'aa kama kioo vinachana karatasi. Tengeneza wako. Chukua vijiti laini vilivyonyooka unene wa penseli, menya maganda, vipange kwenye kopo la bati la maziwa, funika, toboa tundu moja dogo kwenye mfuniko, weka motoni. Utaona moshi unatoka kwenye tundu, ukiisha kabisa ipua, na usifungue mpaka kopo lipoe, ukifungua likiwa moto vijiti vinapata hewa na vinawaka vyote mbele ya macho yako. Vikipoa una mkaa laini mweusi wa kukutosha maonyesho mengine mawili.

Jua la saa kumi jioni linaingia dirisha la upande gani? Ukuta unaopigwa na jua hilo uache, weka kazi zako ukuta mwingine. Penseli yenyewe haipauki, ni aina ya kaboni, hata mkaa vilevile, kinachogeuka njano ni karatasi, hasa hizi za fotokopi za gramu 80. Ila kama kuna ulizochora kwa kalamu ya wino, biki hizi za kawaida, hizo jua linazila kweli, zinafifia.

La mwisho na nalisema kwa uchungu: kaa na anaehusika na ukumbi uangalie kalenda. Ukumbi wa kanisa Dar Jumamosi ni wa harusi, kama sio harusi ni sendofu, na wapambaji wakija wanashusha mapazia na vitambaa ukuta mzima hawaulizi hiki ni cha nani. Jua mapema, Ijumaa jioni shusha mwenyewe kwa mikono yako, Jumapili saa kumi na mbili asubuhi kabla ya ibada ya kwanza rudisha. Kwa kutundika kwenye kamba ni kazi ya nusu saa tu, mwombe mtu wa kwaya akusaidie.

Shikamoo Anti. Mimi ni mzee wa kanisa, Kimara. Kijana wetu anataka laki moja na nusu kwa mchoro wa penseli, karatasi ya A3. Nimemwambia penseli ni mia tano, karatasi haifiki elfu moja, aweke elfu kumi watu wanunue, akanuna. Tukamshauri basi iuzwe kwenye mnada baada ya ibada kama tunavyouza mavuno, nalo akakataa. Je, nimemkosea? – Mzee wa Kimara

Shikamoo mzee wangu, mi ndo nastahili kukuamkia. Nakushukuru kwa kuuliza, wengi wangekaa na hasira tu.

Naomba nikueleze nilichokiona mimi kwenye ile mikono ya mchicha. Nilisogea mpaka pua ikakaribia karatasi. Mshipa ule wa juu ya kiganja, unaopanda toka kifundo kuelekea kidole cha kati, haukuchorwa kwa mstari, kuna kivuli chembamba upande mmoja na upande wa pili hakuna kitu, ni karatasi tupu, jicho lako lenyewe ndo linauinua. Kucha ya dole gumba ina ka-mstari ka udongo, kale ka kuchambua mboga ambako mama zetu wote wanako. Na weupe wa kwenye kucha haukupakwa, uliachwa toka siku ya kwanza, kijana alizunguka na penseli siku zote hizo bila kupagusa. Nilimuuliza alitumia muda gani akaniambia jioni tisa, baada ya kutoka kazini, taa ikiwepo. Jioni tisa mzee wangu. Fundi seremala akikutengenezea stuli kwa siku tisa huwezi kumlipa bei ya msumari na ubao.

Na kuna kitu kiliniuma siku ile. Baba mmoja, mtu mzima mwenye nia njema kabisa, alimshika yule kijana begani akamwambia mwanangu umejitahidi, sasa lini utaipaka rangi? Yaani kwetu penseli bado ni rafu, ni kitu cha kabla ya kazi. Tumezoea picha ziwe na rangi zinazowaka, na sio vibaya, Edward Saidi Tingatinga alichukua rangi za baiskeli na hardbodi hapahapa Dar na mpaka leo wanaomfuata wako Oysterbay wanauza duniani kote, lakini mchoro wa penseli ni kazi iliyokamilika, haisubiri kitu.

Sasa mnada. Mnada wa mavuno mi naupenda mno, mkungu wa ndizi unapanda mpaka elfu themanini, jogoo ananunuliwa anarudishwa ananunuliwa tena, maana pale mtu anamtolea Mungu, hela yote inaenda kanisani na kila mtu anajua hivo. Kwa mchoro wa huyu kijana ni tofauti, ile ndo riziki yake, ndo kodi ya chumba. Akitaka kutoa mmoja kama sadaka uingie kwenye mnada, safi sana, mwombeni kwa upole nadhani atakubali. Zingine ziwe na bei yake kwenye kadi. Kama usharika unataka asilimia kwa ajili ya umeme na ukumbi ni haki yenu, ila mwelewane kabla, muandike kwenye karatasi, wote wawili msaini, isije siku ya kushusha michoro mkaanza kusemeana. Na kwa wale wasio na laki na nusu mwambieni aweke na vidogo vya A5, vya nusu saa, bei ya chini, watu wataondoka navyo.

Tena mzee, watu wa kanisa kushika mkono wasanii Dar hii ni jambo la zamani. Nyumba ya Sanaa, ile iliyokuwa pale Upanga, ilianzishwa mwaka 1972 na mtawa wa Kikatoliki, Sista Jean Pruitt wa shirika la Maryknoll, vijana waliokuwa hawana pa kushika wakapata meza, vifaa na pa kuuzia. George Lilanga aliingia pale kama mlinzi wa usiku. Mlinzi! Baadae ndo akawa yule Lilanga ambae kazi zake ziko kwenye makumbusho za nje huko, alifariki mwaka 2005 jina lake linajulikana mabara yote. Sasa fikiria kama pale getini mtu angemwambia wino ni mia tano.

Hujamkosea mzee wangu, ulikuwa unataka auze. Mwite tu mkae, mwombe akuoneshe alivyoichora hatua kwa hatua, naamini bei utaitetea wewe mwenyewe kwa waumini.

Anti mambo, mama yangu anasema kuweka sura za watu kwenye jengo la kanisa ni kuvunja amri, Kutoka 20, sanamu ya kuchonga. Mi naona ni michoro tu. Tumegombana mpaka hatusalimiani. – Dada wa Ukonga

Poa mdogo wangu, ila kwanza kamsalimie mama, leo hii kabla hujamaliza kusoma hapa.

Mi sio mchungaji, la imani mkamuulize mchungaji wenu mkiwa wawili, kila kanisa lina utaratibu wake na mama ana haki ya kuwa na wasiwasi. Ninachoweza kukwambia ni kwamba amri ile ukiisoma mpaka mstari wa tano inakataza kuviinamia na kuvitumikia, na pale ukumbini sijaona mtu anauinamia mchoro wa muuza kahawa. Nenda Mtakatifu Yosefu pale Sokoine Drive, kanisa limekamilika mwaka 1902, jioni jua likipita kwenye vioo vya rangi vya nyuma ya altare utaona sura za watu zinawaka mbele ya waumini miaka yote hii. Na Mtanzania mwenzetu Elimo Njau, mtu wa Marangu, miaka ya 1950 alichora maisha ya Yesu kwenye kuta za kanisa kule Murang'a Kenya, Yesu Mwafrika, nyumba za kule, milima ya kule. Mwoneshe mama hizo picha. Kama bado hajaridhika, msilazimishane, michoro ikae ukumbini na sio ndani ya kanisa penyewe wanaposalia, makanisa mengi yanafanya hivo na amani inakuwepo.

Anti habari, kwaya yetu tumenunua mchoro kwenye maonyesho, tumelipa kihalali na risiti tunayo. Sasa tunataka kuuprinti kwenye tisheti za kwaya tuuze tupate hela ya safari ya Dodoma. Mchoraji kasikia anasema tumwombe ruhusa. Si tulishanunua? – Katibu wa kwaya

Mmenunua karatasi ile, ya kutundika, kuiangalia, hata kumpa mtu zawadi. Haki ya kuinakili imebaki kwa mchoraji, ndivyo sheria yetu ya hakimiliki ya mwaka 1999 ilivyo, anakuwa nayo uhai wake wote na miaka 50 baada ya kufa inakuwa ya warithi wake. Na hahitaji kuwa ameisajili popote ndo iwe yake, ingawa kujisajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kunasaidia mkibishana. Mwombeni, mkubaliane tisheti ngapi na yeye anapata nini kwa kila moja, jina lake liandikwe chini ya mchoro. Nyie ni kwaya, mnajua inavyouma wimbo wenu ukipigwa sehemu hamjatajwa.

Shikamoo. Mimi nimeenda kwenye maonyesho na kumkuta mama yangu mzazi ukutani, amelala mdomo wazi kwenye benchi la kanisa, wakati wa mahubiri. Watu wanacheka. Mama hajui hata kama alichorwa. Nifanye nini? – Mwenye uchungu, Segerea

Marahaba. Pole sana, na naelewa uchungu wako, mimi ingekuwa mama yangu ningeishusha siku ileile nikaulize baadae.

Mwone mchoraji, sio mbele za watu, mwambie kama ulivyoniambia mimi. Mwombe aishushe mpaka mama mwenyewe aione na aseme neno lake. Nadhani atakubali, vijana wengi hawafanyi kwa ubaya, wanaona mtu mzima kachoka, mwanga umemwangukia vizuri usoni, mkono unaenda wenyewe. Lakini mtu aliyelala hawezi kukukatalia, na kanisani mtu amekuja kwa Mungu wake hakuja kukaa achorwe. Wachoraji mnaosoma hapa naomba mlisikie hili: omba. Ukiona aibu kuomba kabla, omba baada ya kuchora, mwoneshe karatasi, mwambie mama nimekuchora, unaniruhusu niiweke ukutani? Wengi watakubali na watavaa kitenge kizuri waje siku ya kufungua. Wachache watakataa, basi hiyo inabaki kwenye daftari lako.

Na wewe mwanangu usimwambie mama kwamba watu walicheka. Mwambie kuna kijana kamchora, nenda nae aione.

Anti, mbali na makanisani, Dar nikaangalie wapi michoro? – Msomaji, Sinza

Nafasi Art Space, Mikocheni, wapo toka mwaka 2008, wasanii wanafanyia kazi palepale kwenye kontena zao, ukiwa na adabu wanakukaribisha uangalie wanavyochora, na kuna ukumbi wa maonyesho. Na Makumbusho ya Taifa, mtaa wa Shaaban Robert, ulizia siku hiyo kuna nini. Nenda asubuhi kabla ya joto.

Anti ile mikono ya mchicha nani kainunua? Nimeifikiria wiki nzima, nataka kuinunua. – Mama wa Kinyerezi

Umechelewa mama, na hata ungewahi isingeuzwa. Yule bibi ni jirani yake kijana, siku ya mwisho alikuja na wajukuu akasimama mbele yake muda mrefu, akaweka mkono wake hewani pembeni ya ule wa kwenye karatasi, analinganisha, akasema hapa umenikosea, kidole hiki kimepinda zaidi, nilivunjika nikiwa binti. Kijana akauchukua palepale mezani akarekebisha kidole, wakarudi wote nyumbani nao kwenye daladala, umelazwa katikati ya manila mbili, mjukuu kaushika. Sasa uko sebuleni kwa bibi, ukuta wa ndani usiopigwa na jua, kwa nyuma kijana kabandika vipande viwili vya kizibo ili hewa ipite. Nilienda kuuangalia Jumatano. Bibi alinikaribisha chakula, tulikula ugali na mchicha.